Azimio la Moyo na Kazi ya Mikono

Somo: Nehemia 2:11–18 na 6:15–16

Twawaandikia kutoka Igamba, katika nchi ya Mbozi, habari ya jambo ambalo kila mtu analo moyoni, lakini wachache hulitafakari mbele za Mungu, yaani maazimio yetu: yale tunayokusudia kuyafanya, na jinsi tunavyoyafikisha mwisho au kuyaacha njiani.

Kila mwaka mpya uingiapo, watu wengi huazimia. Huyu asema, Mwaka huu nitaezeka nyumba yangu. Yule asema, Nitaacha pombe. Mwingine asema, Nitamsomesha binti yangu. Lakini Pasaka ifikapo, ukiwauliza habari za maneno yao, wengine hucheka, wengine huona haya, na wengine hawakumbuki hata kwamba walisema. Kwa nini iwe hivyo? Je, ni vibaya Mkristo kuazimia? Au ni vibaya namna tunavyoazimia?

Wako wasemao, Mimi sipangi neno, namwachia Mungu. Maneno haya yaonekana kuwa ya imani, lakini mara nyingi ni uvivu uliovaa kanzu ya dini. Wako na wengine wasemao, Nimepanga, basi itakuwa. Nguvu ni zangu na fedha ni zangu. Hawa Yakobo awaonya katika sura ya nne ya waraka wake, kwa kuwa hata ya kesho hawayajui. Lakini tuangalie vema: Yakobo hakumkataza mtu kupanga safari yake wala biashara yake. Alimkataza kupanga kana kwamba Bwana hayupo.

Sisi wa nchi ya Mbozi tunacho Kimondo pale Ndolezi, lile jiwe kubwa la chuma ambalo wageni huja kutoka mbali kulitazama. Kimondo kile hakikupandwa na mtu, wala hakuna aliyekililia usiku na mchana. Kilianguka tu kutoka juu. Tunacho na kitu cha pili, ndicho mkahawa. Mkahawa hauanguki kutoka juu. Hupandwa kitaluni, hutiliwa kivuli, huhamishwa shambani, hupaliliwa, hukatwa matawi, hulindwa na chulebuni na kutu ya majani, na baada ya miaka miwili au mitatu ndipo mtu aonapo matunda ya kwanza. Mvua ni ya Mungu, na uhai wa mche ni wa Mungu. Lakini jembe liko mikononi mwetu. Basi wengi wetu twangojea maazimio yetu yatimie kama Kimondo, na Mungu ametupa yatimie kama mkahawa.

Tumtazame Nehemia, tujifunze kwake mambo matano.

Kwanza: Azimio na lizaliwe katika maombi, tena liwe wazi.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme huko Shushani. Alipopata habari ya kuwa ukuta wa Yerusalemu umebomoka, hakukimbia siku ile ile. Alilia, akafunga, akaomba. Habari ilimfikia mwezi wa Kisleu, naye alisema na mfalme mwezi wa Nisani. Yaani ilipita miezi kama minne ya kuomba na kufikiri. Azimio lililozaliwa kwa hasira ya siku moja, au kwa kumwonea jirani wivu kwa sababu ya bati lake jipya, halina mizizi. Lakini lile tulilolipeleka mbele za Mungu mara nyingi, nalo likabaki, hilo ndilo lifaalo kushikwa.

Tena angalieni jinsi alivyojibu mfalme alipomwuliza haja yake. Hakusema, Nataka mambo yawe mema kwetu. Alitaja mahali, akaweka muda, akaomba nyaraka za kumpitisha njiani, akaomba na miti ya malango. Alikwisha kujua anachotaka. Sisi husema, Nataka maendeleo; na neno hilo ni kama nyumba isiyo na mlango, mtu huizunguka asipate pa kuingilia. Mwenye kusema, Nitasoma Biblia zaidi, hajaazimia bado. Mwenye kusema, Nitasoma sura mbili kila asubuhi kabla ya kushika jembe, huyo ameazimia, na jioni aweza kujiuliza kama ametenda au hakutenda. Mwenye kusema, Mungu akipenda mtoto atasoma, ametaja neno jema. Lakini atajaye kiasi cha fedha atakachotenga siku ile kahawa itakapolipwa, huyo amemfungulia mtoto njia.

Pili: Gharama na ihesabiwe kabla ya kuanza.

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku pamoja na watu wachache, akauzunguka ukuta, akatazama palipobomoka na malango yaliyoteketea kwa moto. Hakumwambia mtu neno mpaka alipokwisha kuona kwa macho yake. Naye Bwana wetu, katika Luka 14, atoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa yampasa kwanza kuketi na kuhesabu, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mfano huu hauko mbali nasi. Tukipita vijijini twaona kuta za matofali zisizo na paa, na majani yameota ndani pale palipokusudiwa kuwa sebule.

Kila tupitapo Mlowo au Vwawa twaona reli ya TAZARA. Nchi na mabenki ya mbali yaliyoombwa kwanza yalikataa kuijenga, yakisema haitalipa. Mwaka 1967 serikali za Tanzania, Zambia na China zilipatana. Lakini hata baada ya kupatana, kazi ya kujenga haikuanza siku ile. Wapima nchi walitangulia, wakaenda porini kwa miguu, wakipima milima na mabonde na mito, kwa maana kati ya Mlimba na Makambako njia yapanda mahali pagumu penye mahandaki na madaraja mengi. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikatandikwa yote mpaka mwaka 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Wale waliopima kwa miguu ndio waliowawezesha wengine kupita kwa gari moshi.

Sasa tuseme wazi habari ya nyumba zetu. Mvua zikiwa nyingi na ghala likiwa tupu, mfanyabiashara huja na fedha mkononi, akanunua kahawa ingali maua. Mkulima hupokea kidogo kwa sababu ya njaa ya leo, na wakati wa mavuno mzigo wote huenda kwa mwingine, naye abaki na deni na mti uliochoka. Mwaka wa pili hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa mwaka wa kwanza ulimwacha mikono mitupu. Ndugu, kifungo hiki hakikatwi kwa kulaumu wafanyabiashara tu. Hukatwa siku ile fedha ya kahawa inapolipwa, kwa kuigawa kabla haijaanza kutumika: fungu la chakula cha miezi ya mvua, fungu la shule, fungu la mbolea na dawa ya shamba, na fungu la Bwana. Asiyeweka akiba ya Februari katika mwezi wa Agosti, amekwisha kuiuza kahawa yake kabla haijachanua.

Tena twawasihi ninyi wanaume, msiigawe fedha hii peke yenu. Mama wa nyumba alipalilia, alichuma, alibeba kwa kichwa mpaka penye mtambo wa kumenyea. Je, ni haki asijue hata bei iliyolipwa? Na je, ni haki fedha ya mikono yake iishie kilabuni kabla ya kufika nyumbani? Azimio la nyumba ambalo mke hakulisikia si azimio la nyumba. Ni siri ya mtu mmoja. Ketini wote wawili, ombeni, mkahesabu.

Tatu: Kila mtu na ajenge mbele ya nyumba yake.

Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ina majina mengi, na wasomaji wengi huipita upesi. Lakini ndani yake mna hekima. Ukuta mzima ulikuwa mkubwa mno, hakuna aliyeuweza. Basi uligawanywa, na wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao. Wafua dhahabu walijenga, makuhani walijenga, na mmoja alijenga pamoja na binti zake. Kila mmoja alikuwa na kipande awezacho kukiona asubuhi na kukipima jioni. Wazee wetu husema, Bandu bandu huisha gogo.

Baba yetu Martin Luther alipofichwa katika ngome ya Wartburg, alianza mwezi wa Desemba 1521 kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, na kwa muda wa majuma kama 11 alilimaliza. Likapigwa chapa Septemba 1522. Twalistaajabia jambo hilo. Lakini tusisahau sehemu ya pili ya habari: Biblia nzima haikutoka mpaka mwaka 1534, yaani miaka 12 baadaye, tena kwa msaada wa rafiki wenye elimu, na hata hapo hakuacha kuisahihisha mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1546. Mwanzo wa upesi ni zawadi. Kudumu ni kazi.

Hata hapa kwetu tunao mfano. Ndugu zetu Wamoravian walianza kazi Mbozi mwaka 1899, naye mmisionari Traugott Bachmann ilimpasa kuketi kama mtoto na kujifunza Kinyiha vinywani mwa wenyeji, neno kwa neno. Mwaka 1913 Agano Jipya kwa Kinyiha lilikuwa limepigwa chapa. Kazi kama hiyo haifanywi kwa siku za shangwe. Hufanywa kwa kurudi mezani kesho, na kesho kutwa, na siku ambayo neno moja tu limepatikana.

Basi wewe mwinjilisti unayeazimia kujifunza, usiseme utajua yote mwaka huu. Jifunze somo moja la Katekismo Ndogo vizuri, hata uweze kulieleza kwa mtoto. Wewe kijana unayetaka shamba, panda miche unayoweza kuipalilia, wala si ile unayoweza kujisifia.

Nne: Kazi ikianza, vizuizi huja, usishuke ukutani.

Ukuta ulipoanza kupanda, Sanbalati na Tobia walicheka kwanza. Kicheko kiliposhindwa, walitisha. Vitisho viliposhindwa, adui waliita kwa upole, wakimtaka Nehemia ashuke wakutane naye katika bonde la Ono. Walimwita mara nne, naye mara nne aliwajibu ya kuwa yumo katika kazi kubwa, hawezi kuiacha. Angalieni, mwito wa upole ulikuwa wa hatari kuliko kicheko.

Vijana wetu wanao mwito kama huo. Tunduma iko karibu, na mpakani fedha huonekana ikipita mikononi mwa watu mchana na usiku. Hatusemi ya kuwa Tunduma ni mji wa dhambi. Wako huko Wakristo wema wafanyao biashara ya haki, na wengine wao huja kutusaidia katika sharika. Atakaye kwenda na aende, ikiwa amekwisha kujua atafanya nini, atalala wapi, na atajua kwa alama gani kwamba amefanikiwa. Lakini wengi hawaendi kwa azimio; huenda kwa kukimbia azimio. Shamba limechukua mwaka mmoja tu, wao wamechoka. Fundi cherehani amemfundisha miezi mitatu, naye aona ni mingi. Huenda mpakani wakitafuta Kimondo. Baada ya muda twasikia ya kuwa mmoja amebeba mizigo ya magendo, mwingine amefungwa, na mwingine yu mgonjwa, naye haoni njia ya kurudi kwa baba yake.

Wazazi, msiwaonye kwa kuwatukana. Mwonyesheni kijana kipande cha ukuta kilicho chake. Mpeni shamba dogo ambalo mavuno yake ni yake kweli, aweze kuhesabu. Mtoto afanyaye kazi miaka kumi katika shamba asilopewa neno nalo, huyo ameitwa Ono na baba yake mwenyewe.

Tano: Azimio si mwokozi.

Hapa, ndugu, ndipo penye neno letu kubwa. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, na adui wenyewe walitambua ya kuwa kazi ile imetendeka kwa msaada wa Mungu. Tungetaka kitabu kiishie hapo. Lakini someni sura ya 13. Nehemia alikwenda kwa mfalme, na aliporudi alikuta Tobia, adui yule, amepewa chumba katika nyua za hekalu. Walawi wamerudi mashambani kwa kukosa posho. Na siku ya Sabato watu wanakanyaga zabibu na kufanya biashara. Ukuta ulikuwa umesimama, na mioyo imebomoka ndani yake.

Basi tusidanganyike. Mtu aweza kuezeka nyumba, kusomesha watoto, kulipa madeni yote, na bado akampa Tobia chumba moyoni. Kutimiza maazimio hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki mbele za Mungu. Twahesabiwa haki kwa neema, kwa imani, kwa ajili ya Kristo, wala si kwa orodha ya mambo tuliyomaliza. Kanisa letu limesimama juu ya neno hilo. Na kwa kuwa tumekwisha kupokelewa, twaweza kufanya kazi bila hofu, si ili tuwe watoto, bali kwa sababu tu watoto.

Tena neno hili ni la yule aliyeshindwa. Katika kila usharika yuko mtu asiyekuja ibadani, si kwa kuwa amemwacha Mungu, ila kwa haya. Alitangaza mbele ya watu kwamba ameacha pombe, akaanguka. Aliahidi mfuko wa simenti kwa ujenzi wa kanisa, kahawa ikaharibika. Nyumba yake imesimama bila paa, nasi tukipita twasema neno, yeye akasikia. Katika ule mfano wa mnara wako wanaocheka. Lakini Bwana hakutuagiza tuwe miongoni mwao.

Mkumbukeni John Stephen Akhwari, Mtanzania wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ndefu za Marathoni katika michezo ya Olimpiki huko Mexico, mji ulioinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa moja, giza limeingia, na watazamaji wengi wamekwenda zao, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani, mguu umefungwa kitambaa, akichechemea mpaka kwenye mstari. Alikuwa wa mwisho katika watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa ya kuwa nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Wengi waliomshinda siku ile hawakumbukwi kwa majina, yeye akumbukwa.

Wewe uliyeanguka, funga kitambaa gotini, uendelee. Uliazimia miche mia, ikabaki ishirini? Palilia ishirini. Uliacha mafundisho ya Kipaimara ukiwa kijana, na sasa una wajukuu? Mlango u wazi, njoo. Na ikiwa azimio lenyewe halikuwa jema, liache bila haya, umwombe Mungu lingine.

Sasa ninyi wainjilisti na wazee, twawapa kazi. Mnapotembelea nyumba za washarika, msiishie katika salamu na sala. Waulizeni kwa upole mambo manne: Mmeazimia nini mbele za Mungu mwaka huu? Mmehesabu gharama yake pamoja, mume na mke? Kipande cha juma hili ni kipi? Na ni nani atakayewauliza tena? Kisha rudini mwulize. Mtu mwenye azimio asiyekuwa na mwenziwe wa kumwuliza ni kama mlinzi aliyelala peke yake ukutani. Na mkikuta ameshindwa, kwanza mwombeeni, ndipo mhesabu pamoja naye upya.

Tuombe: Bwana Mungu, wewe waijua kesho ambayo sisi hatuijui. Utupe makusudi yaliyo mema, na akili ya kuhesabu, na mikono isiyochoka. Utulinde na kiburi tunapofaulu, na haya tunaposhindwa. Uyakubali maazimio yetu, au uyageuze, kama upendavyo. Nasi utushike, kwa ajili ya Yesu Kristo aliyeimaliza kazi aliyotumwa. Amin.